Mguu Wangu Unadai Kiti

Kama gazeti la wiki iliyopita mlilifungia parachichi ili liive kabla hamjafika ukurasa huu, msihuzunike. Nitawaokota palepale nilipowaangusha.

Mimi ni Custodio Chaparro, fundi wa viti vya magari hapa Duitama, mji wa milimani ambao baridi yake haina adabu. Nina mke, Nubia. Siku ya harusi, mbele ya padri na keki, nilimwahidi kumpeleka baharini. Ahadi hiyo sasa ina miaka ishirini na miwili. Imekuwa mtu mzima, inaweza kupiga kura.

Mwaka huu nikasema liwalo na liwe. Usiku wa mwaka mpya nilivaa chupi ya njano ya bahati, nikameza zabibu kumi na mbili, nikajaza dengu mifukoni ili chakula kisipungue nyumbani. Kisha nikachukua sanduku tupu la magurudumu, nikauzunguka mtaa mbio, kama afanyavyo kila mtu hapa anayeomba safari. Mzunguko mmoja unatosha. Mimi nikaongeza wa pili, kwa sababu bahari iko mbali.

Kumbe mfuko una tundu. Mzunguko wa kwanza nilimwaga dengu njia nzima. Wa pili nikazikanyaga. Mguu ulivunjika mahali pawili kwenye kona ya duka la dawa, nalo limefungwa.

Tuliachana hospitalini, nimekatwa suruali, chupi ya njano iko hadharani, na manesi wanaitana waje kuona.

Walipomaliza kucheka, walinifunga hogo, plasta nzito nyeupe kuanzia vidoleni hadi juu ya goti. Mguu ukawa haukunjiki hata kwa rushwa.

Daktari alikuwa binti mdogo mwenye macho ya kutolala.

"Daktari," nikasema, "mimi nina safari kabla shule hazijafunguliwa."

"Ya wapi?"

"Baharini. Santa Marta. Kwa basi."

"Mtatumia saa ngapi njiani?"

"Ni basi la Libardo. Hakuna ajuaye."

Akaweka kalamu chini. "Mzee, mguu huo ukae nyumbani, juu ya mto, juu kuliko moyo wako. Ukiuning'iniza kwenye basi mchana kutwa na usiku kucha, damu itaganda. Bonge la damu likipanda mapafuni, bahari utaitazamia mbinguni."

"Na nikisafiri nao ukiwa juu?"

"Juu, umenyooka, unachezesha vidole, na kila basi linaposimama wanakushusha. Lakini mimi sijakuruhusu."

Kwenye teksi nikamwambia Nubia, "Umesikia? Hajakataza."

"Amekataza, Custodio."

"Ameeleza namna ya kusafiri. Mtu anayekataza haelezi namna."

Nubia akatazama dirishani. Mke wangu hapigi kelele. Wanawake wa watu hupiga kelele, ukajua umekosa nini na adhabu yake ni ipi. Wangu hutazama dirishani, ukabaki unajihukumu mwenyewe.

Sasa niwaeleze habari ya hilo basi, maana ndilo lililonipalia makaa. Libardo ni jirani yetu, ana basi moja lililozeeka kwa heshima. Kila Januari hubeba mtaa mzima kwenda kuona maji. Mwaka jana alinipa kazi ya kushona upya viti vyote, ngozi ya plastiki nyekundu na uzi mweupe. Badala ya malipo tukakubaliana anipe viti vinne vya safari. Changu, cha Nubia, cha binti yetu Yuliana, na cha mama mkwe, Ercilia, ambaye amefika umri huu hajawahi kuona maji yasiyo na ng'ombe ndani yake.

Kwa hiyo swali likawa moja nyumbani kwetu, asubuhi hadi jioni: twende au tusiende?

Mama mkwe alilishughulikia kwa dini yake mwenyewe. Alikaa kando ya kitanda changu na ruana yake mabegani, lile blanketi letu la kuvaa, akanihoji kama polisi.

"Ulianguka wapi hasa, mkwe?"

"Kona ya duka la dawa, mama."

"Mzunguko wa ngapi?"

"Wa pili."

"Wa kwanza uliumaliza?"

"Niliumaliza vizuri kabisa."

Akafumba macho, akahesabu kwa vidole. "Basi iko wazi. Mzunguko wa kwanza ni kwenda. Wa pili ni kurudi. Tutafika salama, ila wewe hutarudi."

"Bibi!" Yuliana akapiga kelele kutoka jikoni.

"Mimi nimesoma tu kilichosemwa."

"Kimesemwa na nani?"

"Na dengu."

Hakuishia hapo. Kesho yake alimleta Mzee Belarmino, mkandaji wa mifupa, ambaye huwatengeneza wachezaji wa mpira na punda, wote kwa mafuta yaleyale ya nyoka. Mzee aliligonga hogo kwa kidole, akasikiliza, akatikisa kichwa kwa masikitiko.

"Hospitali wameufunga mguu mgonjwa. Siwezi kuufikia."

"Basi tutafanyaje, mzee?"

"Nitaukanda ule mzima. Uufundishe mwenzake."

Aliukanda. Alipoondoka, mguu wangu mzima ulikuwa hausimami, na nikawa natambaa kwenda chooni. Kabla ya kwenda alitamka hukumu yake mlangoni: bahari ni dawa, chumvi inaunganisha mfupa, niende.

Nikawa na wataalamu watatu. Mmoja anasema nikae, mmoja anasema niende, mmoja anasema niende nikafie huko.

Hapo, wasomaji wangu, ndipo nilipofanya ujanja ambao nausimulia kichwa kikiwa chini.

Mimi nilitaka kwenda. Nilitaka kwa kufa na kupona. Lakini sikutaka kuomba. Nilitaka kuombwa. Mtu aliyevunjika mguu kwa ajili ya safari ya familia anastahili kubembelezwa kidogo, au sivyo? Nikaona niseme neno moja la kishujaa, walie, wanishike mikono, waseme "bila wewe hakuna safari", nami nikubali kwa shingo upande.

Nilingoja chakula cha mchana cha Jumapili. Walipoketi wote nikaweka kijiko chini.

"Nimefikiri sana," nikasema. Sauti niliifanyia mazoezi. "Nendeni bila mimi."

Nikainamisha kichwa nisubiri machozi.

"Haya," Nubia akasema.

Nikainua kichwa. "Haya nini?"

"Haya, tutaenda bila wewe. Nipe chumvi."

Nikampa chumvi. Ningefanya nini? Mkono ulikwenda wenyewe.

"Baba, wewe ni mtu mzuri sana," Yuliana akasema, na hapohapo akainuka kwenda kujaribu nguo yake ya kuogelea.

Mama mkwe alinipigapiga begani. "Afadhali. Ukifia nyumbani hakuna gharama ya kukusafirisha."

"Na mimi nitakula nini?" nikauliza.

"Nimeshazungumza na jirani asiyesafiri," Nubia akasema. "Atakuletea chakula atakapokuja kuwapa kuku chakula chao."

"Umeshazungumza naye? Lini?"

"Juzi."

Juzi! Kabla sijasema! Nilikula viazi vilivyobaki kwa hasira.

Siku zilizofuata nilianza kuguna. Nilikuwa naguna nikisikia hatua za mtu, hatua zikipita naacha. Hakuna aliyeuliza. Nyumba ilikuwa na furaha ambayo sijapata kuiona. Waliimba. Mama mkwe alijifunza kuogelea akiwa amelala kifudifudi juu ya benchi la jikoni, anapiga mikono hewani, Yuliana anamwelekeza. Nubia alitoa kabatini nguo ya kuogelea ya buluu aliyoinunua mwaka wa harusi yetu. Kikaratasi cha dukani bado kilikuwa kinaning'inia. Akainusa, akaikunja tena polepole, akairudisha. Nilimwona kupitia mlango ulioachwa wazi, na kwa kweli kitu kilinichoma. Lakini nilikuwa na shughuli ya kununa.

Jambo lililonivunja ni sufuria.

Libardo alipita kunijulia hali. Alikuwa amenibebea chupa ya bia, na akainywa mwenyewe kwa sababu ya dawa zangu.

"Pole sana, jirani," akasema. "Lakini angalau kiti chako hakitakwenda kitupu."

"Amekichukua nani?"

"Sufuria."

"Sufuria gani?"

"Lile kubwa la mama mkwe wako, la supu. Kule juu ya basi anaogopa litabonyea. Limepewa kiti chako, dirishani. Kasema litafungwa mkanda."

Jamani. Miaka ishirini na miwili katika ndoa. Viti nimeshona mwenyewe, sindano imenitoboa kila kidole. Na sufuria ndilo linakwenda Santa Marta, dirishani, limefungwa mkanda!

"Libardo," nikasema, "nakwenda."

"Na daktari?"

"Daktari hakukataza."

Libardo akautazama mguu wangu, umelala kitandani kama mgeni asiyejua kuondoka. "Huo haukunjiki."

"Utakaa juu, umenyooka. Nitakaa dirishani, mguu utalala kwenye kiti cha pembeni. Nitashona mto wa kuuwekea. Hiyo ndiyo kazi yangu."

"Kiti cha pembeni cha nani?"

Sikuwa nimefikiria hilo.

"Basi limejaa, Custodio. Nimeuza mpaka ngazi. Nyinyi mna viti vinne. Mko watu wanne. Mguu huo ni mtu wa tano."

"Niunyooshe njiani, katikati."

"Halafu kila anayekwenda kukojoa aukwae? Watakuvunja na ule mwingine kabla ya mji wa Bucaramanga." Akamaliza bia yangu. "Sufuria nitalifunga juu ya basi, hilo namaliza mimi na mama mkwe wako. Lakini mguu ukienda, mtu mmoja anabaki. Amueni nani."

Akaondoka, akaniachia chupa tupu.

Jioni hiyo niliwaita wote jikoni. Nubia alikuwa anamenya viazi. Nikatangaza kwamba nimebadili mawazo, na kwamba mguu wangu unadai kiti.

Mama mkwe alisimama. "Na sufuria?"

"Sufuria litapanda juu, mama. Tatizo ni mtu. Mmoja wenu lazima abaki."

"Mmoja wetu?" Yuliana akasema. "Kwa nini si mguu?"

"Mguu nitauacha wapi, mwanangu?"

"Baba, ulisema hutaki kwenda! Mimi nimeshawaaga shule nzima! Nikionekana hapa nitahama mji!" Na machozi yakaja, makubwa, yale niliyoyasubiri Jumapili, ila hayakuwa yangu.

"Mimi msinitazame," mama mkwe akasema. "Mwaka huu nakufa."

"Mama, hata mwaka jana ulisema unakufa," nikasema.

"Mwaka jana niliahirisha. Nilisema nione bahari kwanza. Ukinizuia, mkwe, nitakufa hapahapa jikoni, na utanizika na mguu huo."

"Basi tupige kura."

"Mimi nachagua mguu ubaki," akasema mama mkwe.

"Na mimi," Yuliana akasema huku analia.

Walipiga makelele mpaka kuku wakajibu. Mimi nikataja viti nilivyoshona, mama mkwe akataja wanaume waliomtaka Nubia kabla yangu, mmoja wao sasa ana malori. Yuliana akasema hakuomba kuzaliwa. Kila mtu alisema, isipokuwa Nubia. Yeye alikuwa anamenya kiazi kimoja kwa utulivu, ganda likishuka refu bila kukatika.

Ganda likaanguka kwenye beseni.

"Nitabaki mimi," akasema.

Akakifuta kisu kwa kitambaa.

"Nendeni bila mimi."

Wasomaji, hapa ningeweza kuwadanganya. Ningeweza kusema nilisita, nilimshika mkono, nilisema hapana mke wangu. Nani angejua? Lakini nimeahidi kusema kweli katika ukurasa huu, hata ikinivua nguo kama wale manesi.

Nilisema, "Haya."

Nilisema upesi, hata kabla kisu hakijafika mezani. Na tena nikaongeza, "Utapumzika." Nikajiona mwema! Nilimwona mwanamke anayepata nyumba tupu, kitanda kizima, hakuna wa kumpikia. Nikajiambia nimemfanyia hisani.

Nubia akachukua kiazi kingine.

Toka siku hiyo akawa mpole kupita kiasi. Alinikatia suruali upande mmoja ili hogo lipite. Alinitafutia mifuko ya plastiki ya kuufunikia mguu nikifika ufukweni. Alinisaidia kushona ule mto, mimi nashika ngozi, yeye anavuta uzi. Nikimtania anatabasamu. Mimi, mjinga wa kuzaliwa, nikamwambia Libardo, "Unaona? Mwanamke akipendwa vizuri hana makuu."

Siku ya safari ikafika. Libardo alisema saa moja asubuhi, akatokea saa nne, basi likisukumwa na wanaume wa mtaa kwa sababu kitu cha kuliwashia kilikufa njiani.

"Likiwaka hatulizimi mpaka Bucaramanga!" akapiga kelele. "Pandeni likiwa linanguruma, atakayesahau kitu amekisahau moja kwa moja!"

Padri alikuja kubariki. Alinyunyiza maji ya baraka kwenye magurudumu, kwenye injini, kwenye sufuria lililofungwa juu. Nusu ya ndoo ikaingia ndani ya hogo langu. Nikaapa kwa neno ambalo padri alijifanya hakulisikia.

Walinipandisha kwa mlango wa nyuma, watu watano, mmoja anavuta, wanne wanasukuma. Wakaniweka dirishani, mguu wakaulaza juu ya mto wake mwekundu kwenye kiti cha pembeni. Ulikaa kifalme. Mtaa mzima ukanipigia makofi. Yuliana alishakimbilia mbele kukaa na rafiki zake, ameshamhamisha mtu kiti. Mama mkwe alikaa nyuma yangu.

Nubia alipanda mara moja tu, kuniletea mkate wa mahindi ndani ya kitambaa. Akanibusu kwenye paji la uso.

"Usilowe," akasema.

Akashuka, akaingia nyumbani, akafunga mlango. Hakusimama kupunga mkono kama wengine. Nikaona ni sawa, baridi ilikuwa kali.

"Mkwe," mama mkwe akaniita kutoka nyuma.

"Naam, mama."

"Ile Jumapili uliposema twende bila wewe. Ulitaka twende?"

Nikacheka kidogo. Sasa nilikuwa kwenye kiti, ningeweza kusema ukweli. "Hapana, mama. Nilitaka mnibembeleze."

"Sasa kwa nini hukusema?"

"Aa, mtu hasemi jambo kama hilo. Mtu anasema nendeni, halafu wenzake wanajua."

"Enhe." Nikasikia anatafuna. "Na mwanangu juzi jikoni alisema nini?"

Nikafungua mdomo kujibu.

"Alisema nini, mkwe?"

"Alisema... nendeni bila mimi."

"Na wewe ukasema nini?"

Nilikuwa nimeshika ule mkate wa mahindi, bado wa moto. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka katika baridi ile. Nubia aliniambia "haya" ili nionje. Nilionja, nikanuna, nikaguna siku kadhaa, halafu nikaupakua uleule uchungu nikampa yeye. Na yeye ndiye mwenye bahari! Mimi bahari ilinihusu nini? Niliiahidi tu.

"Mama, na wewe kwa nini hukunishtua?"

"Mimi nakwenda kuona bahari," mama mkwe akasema. "Nimeahirisha kifo, siahirishi na safari."

"Libardo!" nikapiga kelele. "Libardo, subiri!"

"Siwezi! Likizima tumekwisha!"

Basi likaanza kutembea. Taratibu, maana mbele kulikuwa na mbwa na bibi anayeaga wajukuu. Nikageukia dirisha.

Mlango wa nyumba yetu ukafunguliwa.

Nubia akatoka. Alikuwa amevaa kofia pana ya majani, kofia ya jua, Duitama, mji ambao jua lenyewe huvaa sweta. Mkononi alikuwa na lile sanduku la magurudumu.

Sijui niwaeleze vipi furaha yangu. Anakuja! Amebadili mawazo, anakuja! Nikapiga dirisha kwa ngumi zote mbili.

"Anakuja! Libardo, mke wangu anakuja! Kiti kipo! Kiti chake kipo hapa!"

Na bila kumngoja mtu, niliushika mguu kwa mikono miwili nikaushusha chini mwenyewe. Maumivu yalinipanda mpaka kwenye meno. Sikujali. Nilifuta ngozi nyekundu kwa mkono wa shati, nikapiga kiti makofi mawili, safi, kitupu, cha kwake.

"Nubia! Kiti hiki hapa!"

Aliufunga mlango wetu. Akampa yule jirani asiyesafiri ufunguo mkononi, akamwonyesha banda la kuku. Kisha akainua uso akaniona. Tulitazamana. Nikampungia aje, aje, nikisogea kumwonyesha nafasi.

Akanipungia mkono, vizuri tu, kama mtu anavyompungia msafiri.

Halafu akageukia upande wa pili.

Sisi tulikuwa tunashuka kuelekea barabara kuu. Yeye alikuwa anapanda, kuelekea kona, na baada ya kona ndiko kwenye stendi ya mabasi, kunakoondoka magari ya kila upande wa nchi hii, hata ya baharini.

"Mama," nikasema, "Nubia anakwenda wapi?"

Mama mkwe alikuwa anatazama mbele.

"Mama! Anakwenda wapi?"

"Kula mkate wako, mkwe. Utapoa."

Nikajaribu kusimama. Mguu ukagoma, hogo likanasa chini ya kiti cha mbele, kiti nilichokikaza kwa mikono yangu mwenyewe ili kisitikisike maisha. Nilivuta, nikaapa, nikamwita Yuliana, naye mbele walikuwa wanaimba.

Nikashusha kioo, nikatoa kichwa nje.

Mimi nalijua lile sanduku. Nimelikimbiza mtaa mzima. Likiwa tupu hupiga kelele juu ya mawe kuliko debe, watu hutoka kuchungulia. Asubuhi ile halikulia hata kidogo. Lilimfuata kimya, zito, limeshiba, magurudumu yakizama kwenye kila ufa.

Alifika kona ya duka la dawa, pale nilipoanguka mimi. Hakupunguza hata mwendo. Akapinda.